Dondoo muhimu: Ratiba ya mtoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea)

Anza jioni. Huku kwetu Siongiroi ni nchi ya maziwa, na mzazi anayewahi kukamua hana nafasi ya kutafuta soksi iliyopotea. Kabla ya kulala, mtoto mwenyewe aweke sare, viatu na mkoba mahali pamoja. Mvua za Aprili zikishika, aongeze gambuti.

Hajui kusoma saa? Jua lipo. Huku karibu na ikweta huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo "jua likigusa mlango, uwe umeshanawa" ni agizo analoweza kulipima mwenyewe.

Mchoree ratiba: uso, kikombe cha uji, ndama, mkoba. Picha nne zatosha. Zibandike kwenye kimo chake, maana wengi wetu huzibandika kwenye kimo chetu.

Kumpa ndama maji iwe kazi yake, ila achague: kabla ya uji au baada? Kupanga hufundishwa hapo. Kutii amri ni somo jingine kabisa.

Akisahau, muulize, "Picha gani imebaki?" Kisha mngoje, hata kama chai inapoa.