Nani Aliyeanza?

Kunja kiganja chako sasa, au ngoja kidogo, upendavyo. Je, kutaka kwako kulianza lini hasa? Mimi nimejaribu mara nyingi, nikashindwa kukukamata.

Katika mwaka 1983 Bwana Benjamin Libet wa Marekani aliwaambia watu wakunje mkono wapendapo, huku wakitazama nukta ya nuru izungukayo kama akrabu ya saa, kisha waseme ilikuwa wapi walipotaka. Vichwani walibandikwa vyombo vya kupima umeme mdogo wa ubongo. Ajabu! Umeme ulianza kubadilika yapata nusu sekunde kabla mkono haujakunjwa, bali mwenyewe alijua kutaka kwake sehemu ya tano tu ya sekunde kabla.

Basi, je, mkono si wake? Libet alijibu kwamba katika kitambo kilichobaki mtu aweza kuuzuia. Wataalamu wengine hawakukubali, nao wabishana hata leo.