Pedali ya kunasa amplifaya: ununue au uache?

Jumamosi moja jioni, kwenye mazoezi ya kwaya hapa Mabawe, wilayani Ngara, mpiga solo wetu alichomeka gitaa lake moja kwa moja kwenye mikisa, tundu la tatu, pembeni ya waya wa kinanda. Ni kijana mwenye vidole vyepesi, na sebene analijua vizuri. Lakini kilichotoka kwenye spika hakikufanana kabisa na vidole vile: sauti imefifia kama redio iliyofunikwa blanketi, na kila alipokaza mkono ikapasuka. Mapumziko yalipofika akanifuata, simu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Kidude hiki umekiona? Wanasema kinabeba amplifaya za dunia nzima. Nichange hela nikinunue?"

Nikamwomba wiki moja. Hela yenyewe si ya kuchezea. Pedali aliyonionyesha, ToneX One ya kampuni ya Kiitaliano IK Multimedia, ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa kwa dola 179. Kwa shilingi hiyo ni zaidi ya laki nne, bado nauli, bado ushuru wa forodha, bado VAT ya asilimia 18. Kwa kijana anayetegemea kahawa na migomba, hiyo ni hela ya msimu. Na swali lenyewe si lake peke yake. Kabanga, Rulenge, hata Ngara mjini, wapiga gitaa vijana wananiuliza hilohilo. Kwa hiyo nayaandika hapa yale niliyomjibu.

Kwanza tuelewane kidude hiki kinafanya nini. Mtu anachukua amplifaya halisi, anaipitishia sauti maalumu za majaribio, anarekodi kinachotoka upande wa pili. Kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, mara nyingi sana, mpaka ijifunze kuiga ile amplifaya. Matokeo yake ni faili dogo, tuliite mnaso, ambalo unalipakia kwenye pedali. Kemper wa Ujerumani ndiye aliyeufanya ufundi huu uvume kuanzia mwaka 2011, kwa mtambo mkubwa wa bei kali. Neural DSP wa Helsinki wakaja na Quad Cortex, kisha mwaka 2024 wakaipunguza ikawa Nano Cortex. Sasa ufundi uleule unaenea kiganjani. Kuna tofauti moja ambayo wauzaji hawaipigii kelele: Nano Cortex inaweza kunasa amplifaya yenyewe, papo hapo, lakini ToneX One inacheza tu minaso iliyokwisha kutengenezwa. Ukitaka kunasa ya kwako utahitaji kompyuta.

Mnaso ni kama picha ya paspoti. Amplifaya ilisimama siku ile, vitufe vyake vikiwa pale vilipokuwa, ikapigwa picha. Ukikizungusha kitufe cha pedali baadaye, pedali inakadiria tu. Haijui amplifaya ile ingesemaje kweli. Tena mnaso haushiki vitu vinavyokwenda na muda. Mwangwi, korasi, ile sauti ya kurudiarudia, vyote hivyo haviingii kwenye picha. Kwa mpiga sebene hili ni kubwa. Roland JC-120, amplifaya iliyotoka mwaka 1975, inapendwa na wengi kwa usafi wa sauti yake na kwa korasi yake. Ukipakua mnaso wa JC-120 utapata ule usafi, korasi hutaipata. Itabidi itoke kwingine.

Hapo ndipo nilipomuuliza kijana wangu: wewe unapiga muziki gani? Maana minaso mingi inayosifiwa ni ya amplifaya za valvu zilizofunguliwa mpaka zinanguruma, sauti nzito ya kukwaruza ya muziki wa roki. Humo ndimo ufundi huu unapong'aa kweli, kwa sababu mngurumo wa valvu ni mgumu kuuiga kwa njia nyingine. Lakini sikiliza solo za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Sikiliza Franco na TPOK Jazz. Sikiliza Diblo Dibala. Gitaa ni safi, linalia kama kengele, kila noti inasimama peke yake. Kwaya zetu, na za wenzetu walioko Burundi ng'ambo ya mpaka, zinapita njia hiyohiyo. Sauti safi haihitaji kunaswa kwa gharama kubwa. Inahitaji isiharibiwe njiani.

Sasa turudi kwenye lile blanketi, maana jibu zima liko pale.

Sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa hutoa umeme dhaifu sana, na umeme huo unataka kuingia kwenye mlango wenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja. Tundu la kawaida la mikisa lina omu kama elfu kumi. Gitaa likiingia pale linaburuzwa, na zinazokufa kwanza ni sauti za juu, zile zinazofanya solo isikike juu ya ngoma na kinanda. Fundi mitambo akiona gitaa limezama anaongeza sauti, ikiongezwa, inapasuka. Kijana akadhani kasoro ni kukosa amplifaya ya Marekani, kumbe ni tundu.

Ipo na sababu ya pili ya gitaa kusikika vibaya kupitia mikisa. Spika ya amplifaya ya gitaa, ile ya inchi kumi na mbili, haifiki mbali juu. Ikipita mizunguko kama 5,000 kwa sekunde huanza kukata. Spika za ukumbini zinatoa kila kitu, mpaka mlio wa nyuki. Ndiyo maana pedali ya kukwaruza ikichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa inatesa masikio. Pedali ya kunasa inatibu mambo yote mawili: mlango wake umetengenezwa kwa gitaa, na ndani yake mna mfano wa kabati la spika. Hiyo ndiyo kazi yake ya maana kanisani na ukumbini. Na ukiichomeka kwenye amplifaya halisi ya gitaa, ule mfano wa kabati uuzime, la sivyo sauti itapita kwenye makabati mawili na utarudi kulekule chini ya blanketi.

Lakini ugonjwa wa kwanza una dawa nyepesi zaidi. Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nikainama juu ya mikisa ya kanisa na tochi ya simu. Kwenye tundu la kwanza, chini ya vumbi, palikuwa na kitufe kidogo kimeandikwa Hi-Z. Hicho ndicho kitufe cha gitaa: ukikibonyeza, tundu linapandisha ukinzani wake. Miaka yote tundu lile lilikuwa limekaliwa na maikrofoni ya sauti ya kwanza, ambayo haina haja nacho hata kidogo. Tukahamishia maikrofoni kwenye tundu la tatu, gitaa tukalileta la kwanza, tukabonyeza. Kijana akapiga nyuzi mbili za juu, akanyanyua kichwa, akaniangalia. Mwimbaji mmoja wa sauti ya pili akasema, "Leo umebadilisha gitaa?"

Kama mikisa yenu haina kitufe hicho, azima kisanduku cha DI chenye kutumia umeme, kinachofanya kazi hiyohiyo. Mafundi mitambo wengi wa harusi wanacho. Azima kabla ya kununua chochote. Badilisha na nyuzi zilizokufa, na kama waya wako unakoroma ukiutikisa, utupe. Makosa mengi tunayoilaumu amplifaya ni ya waya.

Baada ya hapo bado unaona sauti haina nyama? Basi ijaribu pedali bila kuinunua. Ipo programu iitwayo Neural Amp Modeler, kazi ya Steven Atkinson, ya bure kabisa, na minaso yake ya bure ni maelfu. Azima kompyuta mpakato, rekodi solo yako kavu kupitia mikisa yenye USB, kisha pitisha rekodi hiyo kwenye mnaso wa Fender Twin Reverb, halafu wa JC-120, halafu iache kavu. Zicheze zote tatu kwenye spika zilezile za kanisani, si kwenye hedifoni, kwa sababu waumini hawasikilizi kwa hedifoni. Mwombe mtu asiyejua kitu akae benchi la mwisho akwambie kama anasikia tofauti. Asipoona tofauti, umeshapata jibu lako bila kutoa shilingi.

Kuhusu umeme nitakaa kidogo, maana hapo niliumia mwenyewe. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9, na hasi ikiwa katikati ya kichwa cha adapta. Adapta nyingi tulizonazo majumbani, za vifaa vya intaneti au redio, zina chanya katikati, na nyingine ni volti 12. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yake. Niliwahi kuchomeka ya namna hiyo kwenye pedali yangu ya mwangwi dakika tano kabla ya ibada ya harusi. Taa iliwaka mara moja, ikazimika, ikawa basi. Geuza adapta, tafuta kale kachoro ka duara lenye nukta katikati na alama za kujumlisha na kutoa. Nukta lazima ielekee kwenye alama ya kutoa. Kama haina kachoro, iache.

Jambo jema ni kwamba pedali hizi ndogo hazili umeme mwingi. ToneX One inahitaji takriban miliampea 120, kwa hiyo pawabenki ya kawaida yenye waya wa kupandisha volti kutoka 5 hadi 9 inaweza kuibeba ibada nzima na mkesha juu. Maporomoko ya Rusumo, humu humu wilayani, yanazalisha megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu, lakini mpiga gitaa mwenye busara bado anapanga kama mtu anayejua kwamba umeme utakatika katikati ya kiitikio.

Sasa nani anunue? Anunue yule anayelipwa kwa kupiga: leo harusi Rulenge, kesho studio Bukoba, anasafiri kwa bodaboda na hawezi kubeba JC-120 yenye kilo kama 28 kwenye vilima vyetu. Anunue anayepiga nyimbo za kukwaruza. Anunue ambaye korasi na mwangwi anavyo tayari, na ana kompyuta ya kupakia minaso. Kanisa lenye amplifaya nzuri ya zamani inayokaribia kufa nalo lifikirie. Kuinasa kabla haijazimika ni kuihifadhi. Na atakayenunua asisahau kwamba Dar ni zaidi ya kilometa 1,200, kwa hiyo kurudisha kifaa kibovu ni safari nyingine. Dai kukisikia kikipiga kabla ya kutoa hela. Kama ni cha mkononi, muulize muuzaji kama programu yake ameisajili kwa jina lake na kama yuko tayari kuihamisha.

Kijana wangu si mmoja wa hao, na nilimwambia hivyo waziwazi. Anapiga sauti safi, mahali pamoja, kupitia mikisa ileile, na hana hata korasi. Kwa hela ndogo kuliko hiyo atapata pedali ya mchanganyiko kama Zoom G1 Four, yenye korasi, mwangwi, mfano wa kabati na mapigo ya ngoma ya kufanyia mazoezi nyumbani, na inakubali betri nne za AA. Mifano yake ya amplifaya si mizuri kama mnaso, nakiri. Kwa sebene safi kwenye spika za kanisa letu, tofauti hiyo sikuisikia nilipokaa benchi la mwisho.

Kwa hiyo mwaka huu asinunue. Na wewe, Jumapili hii, kabla watu hawajaingia, inama uangalie tundu la kwanza la mikisa yenu.