Kunasa Sauti ya Gitaa Nyumbani

Tulimpelekea mama mmoja mgonjwa wimbo tulioimba kwa gitaa na kuunasa sebuleni, wala hakulitambua hata neno moja. Tulilaumu chombo, kumbe kosa lilikuwa la chumba. Kuta tupu huirudisha sauti, nayo irudiyo huifunika ile ya kwanza. Basi tundikeni mablanketi mazito, wala msinase chini ya bati mvua inyeshapo. Kinasa sauti na kiwe kama sentimeta 30 mbele ya gitaa, kikielekea pale shingo inapoungana na mwili, wala si tunduni, maana hapo mvumo mzito huzidi. Mkikiweka mbali mara mbili, nguvu ya sauti itokayo gitaani hupungua hata robo, bali mwangwi wa chumba hubaki karibu vile vile. Naseni ubeti mmoja, usikilizeni, ndipo mwimbe wimbo wote.