Mgonjwa Mwenye Cheti cha Daktari na Kipimo cha Barabarani



Katika somo la toleo hili tunatazama swali linalozisumbua nchi kadhaa. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari dawa itokanayo na bangi akisimamishwa barabarani na kupimwa, ahukumiwe kwa kilichomo mwilini mwake, au kwa namna anavyoendesha?

Tuanze na kipimo chenyewe. Pombe huondoka mwilini kwa mwendo unaokadirika, na kiasi chake katika damu huonyesha vyema kiwango cha ulevi. Kiini cha bangi kinacholevya, kiitwacho THC, si hivyo. Hujihifadhi katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Kwa anayekitumia kila siku, chaweza kuonekana katika damu siku kadhaa baada ya ulevi kwisha. Kipimo cha mate huonyesha kwamba kiini kipo, bali hakionyeshi kama dereva amelewa.

Hata hivyo, hilo lisiwe kisingizio. THC hupunguza wepesi wa kukanyaga breki na huvuruga makadirio ya umbali, hasa katika saa za mwanzo. Mtembea kwa miguu aliyegongwa hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba dereva alikuwa na cheti.

Australia imepitia mvutano huo. Jimbo la Victoria lilianza kupima mate ya madereva mwaka 2004. Mwaka 2016 nchi hiyo ilifungua njia ya bangi ya tiba. Matokeo yake, mgonjwa aliyefuata maagizo ya daktari aliweza kupoteza leseni, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba aliendesha vibaya. Tangu Machi 1, 2025, hakimu wa Victoria anaweza kumwachia leseni dereva mwenye cheti halali ambaye uwezo wake wa kuendesha haukuathiriwa. Jimbo la Tasmania lilikwisha kumpa mgonjwa wa namna hiyo utetezi wa kisheria.

Uingereza ilishika njia nyingine. Mwaka 2015, sheria ya England na Wales iliweka kikomo cha mikrogramu 2 za THC kwa lita ya damu, ikampa utetezi mtu aliyetumia dawa kama alivyoelekezwa. Lakini akionekana kushindwa kuendesha sawasawa, cheti hakimwokoi.

Tunajifunza nini? Kwanza, sheria njema humlinda mgonjwa na mpita njia kwa pamoja. Pili, cheti hueleza kwa nini dawa imo mwilini. Hakimpi mtu ruhusa ya kuendesha akiwa amelewa.

Kwetu Uganda, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1998 inakataza kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa, na kumiliki bangi bila kibali cha sheria ni kosa. Jirani zetu wa Rwanda waliweka mwaka 2021 kanuni za bangi kwa ajili ya tiba, lakini kanuni hizo hazimruhusu msafiri kuibeba na kuvuka nayo Katuna. Kila nchi ina sheria yake, na cheti cha upande mmoja hakifuti kosa la upande wa pili. Wanaovuka Busia, Malaba na Mutukula wakumbuke hilo.

Somo hili halihusu bangi peke yake. Dawa za usingizi, za kifafa, za maumivu makali na hata baadhi ya dawa za mafua huleta kusinzia. Kwa hiyo tunawaomba madereva wa malori, wa matatu na wa bodaboda: mwulizeni daktari au mfamasia kama dawa mliyopewa inaruhusu kuendesha, ibebeni katika pakiti yake pamoja na cheti, mkisimamishwa, mwelezeni askari kwa utulivu. Nasi tunawakumbusha askari wetu kwamba mgonjwa anastahili kusikilizwa kabla ya kuhesabiwa mhalifu.

Maswali ya kujadili kijijini:

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na dawa mwilini na kulewa dawa?
2. Je, ni haki dereva apoteze leseni kwa sababu ya dawa aliyoandikiwa?
3. Familia imsaidieje dereva mgonjwa ili asilazimike kuendesha siku ambayo dawa imemlemea?