Mnara wa Saa Wapimwa kwa Uzi

Mgeni afikapo Arusha mjini hupelekwa Mnara wa Saa, karibu na Barabara ya Boma, akaambiwa kwamba hapo ndipo katikati hasa ya Kairo na Cape Town. Sisi tukaao Olasiti tumelisikia neno hilo tangu utotoni. Muhula huu mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye anataka kuwa mwongoza watalii, alilisema mbele ya mgeni wa mjomba wake. Mgeni akamwuliza, "Umepima?" Akaja darasani na aibu yake, nasi tukaamua kupima.

Habari hii inakwenda pamoja na ndoto ya zamani. Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, alitamani reli itoke Cape Town mpaka Kairo. Haikukamilika hata leo. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu waliijaribu safari hiyo kwa motokaa. Meja Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town Septemba 1924, wakafika Kairo Januari 1926. Miezi 16! Nadhani punda angewapita.

Basi, tulifungua atlasi. Kairo iko latitudo digrii 30 Kaskazini, Cape Town digrii 34 Kusini, na Arusha digrii 3 na dakika 22 Kusini. Kwa hiyo toka Arusha kwenda Kairo ni digrii 33 na zaidi kidogo, na kwenda Cape Town ni 30 na nusu. Kila digrii ya latitudo ni kama kilomita 111. Darasa zima likapaza sauti kwamba Cape Town ndiyo iliyo karibu, kwa kilomita 300 na ushei, na kwamba Mnara umetudanganya.

Angalieni kosa letu. Tulipima kaskazini na kusini tu, tukasahau mashariki na magharibi. Arusha iko longitudo digrii 36 na dakika 41 Mashariki. Kairo iko 31, lakini Cape Town iko 18 tu, mbali sana upande wa magharibi. Ndipo tulipoleta tufe la dunia na uzi wa cherehani. Uzi uliovutwa sawasawa juu ya tufe huonyesha njia iliyo fupi kuliko zote. Tulipokwisha kuona kwa macho, tulikokotoa: Arusha hadi Kairo ni kilomita 3,760 hivi, Arusha hadi Cape Town ni 3,890 hivi. Mambo yakageuka! Kairo ndiyo iliyo karibu, kwa kilomita 130, yaani kama kwenda Namanga na kupita kidogo. Katika mwendo mrefu namna ile, tofauti hiyo si kubwa. Wazee wetu hawakukosa sana.

Lakini je, kuwa mbali sawa na miji miwili ni kuwa katikati yake? Hapana. Vuteni uzi toka Kairo moja kwa moja hadi Cape Town, muone: haugusi Tanzania hata kidogo. Urefu wake ni kilomita 7,240 hivi, na nusu yake huangukia Kongo, yapata digrii 2 Kusini na 25 Mashariki, kaskazini-magharibi ya mji wa Kindu. Arusha iko kilomita 1,300 mashariki ya hapo. Watu wa Kindu nao ni Waswahili wa lugha kama sisi, na kama wangejenga mnara wangekuwa na haki zaidi.

Kwa barabara ni hesabu nyingine, maana barabara hupinda, na kila msafiri huchagua njia yake.

Yule mvulana alimrudia mgeni na tarakimu zake katika karatasi. Mgeni alizisoma mara mbili, kisha akauliza mahali palipo mbali sawasawa na miji yote miwili ni wapi, ikiwa si Mnarani. Tumekwisha kupatafuta: ukitoka Olasiti ukashika barabara ya Dodoma, utapapita baada ya Makuyuni na kabla ya Babati. Kidato cha Tatu watafute ni kilomita ya ngapi, na majibu yaletwe kwangu pamoja na hesabu yote, si jibu tupu.