Ziba Ufa wa Tangi Mapema

Tangi la simiti likivuja, maji ya mvua yanaishia mchangani na akina mama wanarudi mtoni na mitungi. Kupaka simiti juu ya ufa tu haitoshi, itabanduka. Fanya hivi:

1. Punguza maji mpaka chini ya ufa. Ukiingia ndani, mwenzako abaki nje akuangalie.

2. Chonga ufa kwa tindo, upanuke kama herufi V. Ukiona waya, usiukate.

3. Osha vumbi, loanisha, halafu paka uji wa simiti.

4. Kabla haujakauka, shindilia mchanganyiko: simiti kopo 1, mchanga safi makopo 3.

5. Funika kwa gunia lililolowa, mwagilia siku 7. Ikikauka haraka itapasuka tena.

Ufa ukirudi palepale, huenda msingi umezama. Hapo ita fundi.