Dondoo muhimu: Vigeu vya kila prosesa katika kerneli ya Linux

Kihesabu kimoja kinachoandikwa na prosesa zote huchelewesha mashine nzima, kwa kuwa mstari wa kache unaokibeba hauachi kuhamahama. Ipe kila prosesa nakala yake kwa DEFINE_PER_CPU.

Kuongeza moja, tumia this_cpu_inc. Faida kubwa iko hapa. Kwenye x86-64, rejista ya GS huonyesha eneo la data la prosesa husika, hivyo kupata anwani, kusoma, kuongeza na kuandika hukamilika kwa amri moja ya mashine, bila kufuli. Kazi haihamishwi katikati ya amri moja, kwa hiyo huna haja ya kuzuia isinyang'anywe prosesa. get_cpu_var huzuia kwanza, kisha inakudai put_cpu_var; iache kwa shughuli ya hatua kadhaa juu ya data ileile.

Usitunze anwani ya this_cpu_ptr huku kazi ikiweza kuhamishwa: utajikuta unaandika kwa jirani. Nakala ya prosesa nyingine isome tu. this_cpu_inc haina kinga dhidi ya mwandishi wa mbali, na kosa la namna hii ni gumu mno kulikamata.

Unataka jumla? Pitia for_each_possible_cpu, si prosesa zinazofanya kazi pekee, la sivyo hesabu za iliyozimwa zitapotea. Itakuwa ya kukadiria, maana wengine bado wanaandika. Kwa takwimu inatosha. Kwenye usanifu usio na amri kama hiyo ya x86, huenda kerneli ikalazimika kuzima ukatizaji kwa muda, na faida hupungua.